Umebadilisha injini, ekzosi je?

Leo mahindi yapumzike kidogo, tuongee gari.

Hapa Nyantakara kijana akivuna vizuri anataka gari la kumtoa shambani mpaka njia panda ya Nyakanazi. Land Cruiser mpya hatuiwezi, kwa hiyo mnanunua Land Rover 109 ya kizamani iliyochoka injini, mnaifunga injini ya Isuzu. Silipingi hilo. Hata Land Rover wenyewe, kule Australia miaka ya 1980, walifunga Isuzu ya dizeli ya lita 3.9 kwenye 110, na jeshi la huko likazitumia miaka mingi. Ninachopinga ni injini kula mamilioni, halafu ekzosi ikafungwa kwa chenji iliyobaki.

Nina sababu. Msimu uliopita mkulima mmoja alibeba vibarua kutoka kupulizia dawa ya viwavijeshi. Walikaa nyuma, turubai limefungwa kwa ajili ya vumbi. Waliposhuka vichwa vinawauma, kizunguzungu, mmoja anatapika. Mimi bwana shamba nikajua moja kwa moja: dawa hiyo! Nikawasema kweli kweli, kwamba hawavai barakoa, wanapulizia upepo ukiwa usoni.

Wiki iliyofuata walikwenda palizi. Hakuna aliyegusa dawa. Wakarudi vilevile.

Ndipo tukaingia uvunguni. Fundi alikuwa ameunganisha manifoldi ya injini mpya na bomba lile lile la zamani, akalikata likaishia chini ya bodi, kabla ya tairi za nyuma. Kwenye kiungo kulikuwa na ufa umezungukwa na masizi meusi. Moshi wote ulikuwa unapanda kwenye matundu ya sakafu na kukaa ndani ya turubai. Niliwaomba radhi wale vibarua.

Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na dalili zake za mwanzo zinafanana sana na za sumu ya viuatilifu. Injini ya dizeli hutoa kidogo kuliko ya petroli. Ingekuwa petroli, pengine leo ningekuwa naandika rambirambi. Na mnaobeba vifaranga, mjue ndege huwahi kuathirika kuliko mtu. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walishuka na ndege migodini mpaka mwaka 1986 kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Injini ya asili ya 109, ile ya silinda nne, ni sisi 2,286. Hiyo Isuzu ni sisi 3,856. Moshi umeongezeka, bomba ni lile lile, injini itapumua wapi? Inachemka, inakosa nguvu mlimani, inakula mafuta. Kutoka bomba la inchi 2 kwenda inchi 2 na nusu nafasi ya ndani inaongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo msimruhusu fundi aseme "litatosha tu".

Halafu kuna mtikisiko. Dizeli kubwa ya silinda nne inacheza kwenye raba zake, chesisi haichezi. Ukichomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi, lazima lipasuke karibu na manifoldi, na hicho ndicho tulichokikuta. Mwambie fundi aweke kipande kinachopinda jirani na manifoldi, na bomba lote lining'inie kwenye raba. Viungo viwe vya flenji na bolti, maana siku ya kushusha giaboksi hutaki kukata chuma.

Asichomelee moja kwa moja. Kwanza ashikize kwa nukta, mpakie mzigo, muangalie propela na springi zinapita wapi ekseli ikipanda. Bomba likae mbali na tangi na paipu za breki. Nyaya za betri zitolewe kabla ya kuchomelea (mmoja wenu alichoma altaneta hivyo, anajijua). Mdomo wa bomba utokee nje kabisa ya bodi, siyo chini yake. Ukimaliza, washa injini ikiwa ya baridi, ziba mdomo kidogo kwa kitambaa kinene na usikilize kwenye viungo. Ikipuliza popote, rudi kwa fundi.

Hata hivyo, nyuma ya gari linalokwenda hewa hurudi na moshi, kwa hiyo mkiwa na watu turubai msilifunge, wala msifungue nyuma peke yake; lifunguliwe pande zote hewa ipite. Na mtu akiugua, mtoeni kwenye hewa safi, mpelekeni kituo cha afya, mkaseme wazi kwamba alikuwa kwenye moshi wa gari. Msiseme dawa tu kama nilivyosema mimi.

Yule mkulima amefunga bomba jipya. Jumamosi tunakwenda naye Nyakanazi kuchukua mbolea, na nimemwambia nitakaa nyuma.