Rangi Isiwe Pazia la Kutu



Baadhi ya familia za jamaa zetu wa Pwani zilizohamia Migori na Homa Bay kwa biashara zimetuuliza: mbona gari huota kutu chini ya boneti ilhali wao wako mbali na bahari? Na je, inafaa kuiondoa kutu hiyo na kupaka rangi kabla ya kuliuza gari? Swali la kwanza ni la ufundi, la pili ni la amana, nasi tutayajibu yote mawili.

Sisi wa Mombasa na Lamu tumezoea kuilaumu chumvi. Ni kweli chumvi huiharakisha kutu, lakini siyo inayoizaa. Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na maji na hewa. Ziwa Viktoria ni la maji matamu, lakini mvua za masika kule ni nyingi, na tope la njia zisizo na lami huganda kwenye vyuma likashika unyevu kwa muda mrefu. Tena magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kuingizwa nchini, ambako Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Baadhi yao yamepita katika barabara zilizonyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, hivyo huenda gari likafika Migori na kutu yake.

Chini ya boneti kuna maadui wengine wawili. Wa kwanza ni tindikali ya betri, ambayo mvuke wake hula kitako cha chuma kinachoibeba betri. Wa pili ni mafuta ya breki. Yakimwagika huibambua rangi na kukiacha chuma uchi. Basi yaoshwe papo hapo kwa maji mengi.

Anayetaka kuitibu kutu aanze injini ikiwa imepoa kabisa. Afungue waya hasi wa betri kwanza, kisha waya chanya, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Kitako cha betri kioshwe kwa maji yaliyoyeyushiwa magadi, yale yale ambayo kina mama wa Kiluo huyaita bala na kuyatia katika mboga za kienyeji. Magadi huivunja nguvu tindikali. Povu likikoma, kazi imekwisha. Mafuta na masizi yaondolewe kwa sabuni, kwani rangi haishiki juu ya mafuta.

Kisha kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, ifuatwe na msasa mkavu wa namba 80, halafu ule laini zaidi, mpaka chuma king'ae. Vipande vidogo vinavyofunguka, kama vile vishikizo na nati, vilowekwe katika siki usiku kucha. Wanawake wa Pwani wanaijua siri hii, kwani ndiyo ile ya kung'arisha sinia za shaba kwa ukwaju na ndimu. Vikitoka vioshwe na kukaushwa mara moja, la sivyo kutu mpya itaanza kabla ya adhuhuri. Vipande vya alumini visitiwe humo.

Baada ya hapo chuma kipakwe praima ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo ifuate rangi yenyewe kwa mikono miwili au mitatu myembamba. Mkono mmoja mzito huchuruzika na kupasuka. Bomba la moshi linahitaji rangi maalumu ya kustahimili joto kali, kwa kuwa rangi ya kawaida itaungua. Zifunikwe kwa karatasi sehemu zisizostahili rangi: mikanda, mipira, vichwa vya betri, na mahali nyaya za umeme zinaposhikana na bodi. Nambari ya injini na ya chesisi zisipigwe msasa kabisa, kwani ndizo zinazolinganishwa na kitabu cha gari.

Kazi hii ifanywe nje penye hewa, kwa miwani na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Watoto wawe mbali, na jiko la mkaa lisiwe karibu, kwani mvuke wa thina hushika moto upesi.

Sasa tuje kwenye amana. Kutu ya juu juu huponywa na msasa na rangi. Lakini kutu iliyotoboa bati, hasa pale shokomzoba inapofungwa juu, haiponywi kwa rangi. Hapo anahitajika fundi wa kuchomelea, maana sehemu hiyo ndiyo inayobeba uzito wa gari na roho za waliomo. Anayejaza tundu hilo kwa puti na kulipaka rangi ili auze, amemuuzia mwenzake hatari. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliingiza mkono ndani ya rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, akamkemea mwenye bidhaa kwa kutokuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Na katika fiqhi yetu, mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa ana haki ya kuirudisha.

Kupamba gari kabla ya kuliuza si haramu. Lililo haramu ni kuficha. Muuzaji aseme wazi: hapa palikuwa na kutu, nimepasafisha, hapa pametoboka, bei imepungua kwa sababu hiyo. Naye mama anayetoa akiba yake ya chama kununua gari la kubebea samaki kutoka Mbita hadi Migori asione haya kwenda na sumaku ndogo mkononi. Sumaku hunata kwenye bati na hulegea juu ya puti nene. Rangi mpya kabisa mahali pamoja tu, katika injini iliyochakaa, ni ya kuulizwa.

Mwenyezi Mungu aibariki riziki ya halali na azilinde familia zetu barabarani. Amin.