Kubana Matumizi Kuna Faida Gani?

Wapo wafanyakazi wanaouliza: mwenye mshahara mdogo akijinyima, atapata faida gani? Swali hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.

Twasema uwekevu una faida kwa masharti mawili. Sharti la kwanza, waanze wakubwa. Mwezi wa Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alipoamua kupunguza mishahara ya viongozi, alianza na wake mwenyewe, akaukata kwa asilimia 20.

Sharti la pili, kilichookolewa kionekane. Mwaka 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa nchini Tanzania, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Hapo mwananchi aliambiwa fedha yake inakwenda wapi.

Bali kumhimiza mfagiaji akaze mkanda, huku mkubwa wake akiulegeza wa kwake, huo si uwekevu; ni dhuluma. Basi kila mfanyakazi na aweke akiba, na kila aliyejinyima kwa ajili ya wote na adai hesabu.