Bido moja ya mafuta si kilo 20

Wamama wa Lokandu, tunapouza mafuta ya ngazi tusichanganye litri na kilo. Litri inapima nafasi ndani ya bido. Kilo inapima uzito. Maji litri 20 yana kilo 20, lakini mafuta litri 20 yana kilo 18 hivi, kwani mafuta ni mepesi. Ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi.

Mnunuzi akidai kilo 20 kwa bei ya bido moja, tunampa litri 2 na zaidi bure. Tupatane kwanza: ni kwa bido ao kwa kilo? Kama ni kwa kilo, tupime bido tupu, tuondoe uzito wake.

Na sisi tukinunua, mafuta ya bido moja yakikaribia kilo 20, tuangalie chini: maji yanajificha huko.