Ndege Juu ya Mkanda: Wabishi Wabishania Nini?

Yako mabishano ambayo yakiingia barzani hayatoki mpaka chai ipoe. Mojawapo ni hili la ndege na mkanda. Limezunguka dunia miaka mingi, na Kisumu limefika. Nimelisikia pale Dunga, penye mitumbwi na samaki wa kukaanga, likipigiwa meza na watu wazima: wavuvi, walimu, vijana wa bodaboda, kila mmoja akiapa kwa jina la babake.

Suala lenyewe ni hili. Chukua kiwanja cha ndege, ung'oe lami yote, na mahali pake utandike mkanda mmoja mpana, mrefu kama kiwanja chenyewe, wa namna ya zile mashine za mazoezi ambazo mtu hukimbia juu yake asifike popote. Ndege yawekwa juu ya mkanda. Rubani atia moto. Kwa kadiri ndege itakavyokwenda mbele, mkanda nao warudi nyuma kwa kasi hiyo hiyo. Je, ndege itaruka au haitaruka?

Wengi husema haitaruka, na hoja yao si ya kijinga. Wasema: bawa lahitaji upepo upite juu yake na chini yake, na ndege iliyosimama mahali pamoja haipati upepo huo. Hapo wamesema kweli tupu. Wavuvi ndio waliokuwa wakali zaidi, nami naelewa kwa nini. Mvuvi aliyepiga kafi katika mdomo wa mto Nzoia wakati wa mafuriko yuajua kwamba maji yakija kwa nguvu sawa na kafi yake, atatoka jasho tangu asubuhi hadi adhuhuri na ule mti wa ukingoni utabaki ubavuni mwake. Basi ndege ina nini hata ishinde?

Mimi ni wa upande wa pili: itaruka. Siri haiko katika mkanda. Iko katika kuuliza kile kinachokwenda chasukuma nini ili kiende. Mkimbiaji husukuma ardhi kwa mguu. Bodaboda husukuma barabara kwa gurudumu la nyuma. Garimoshi, tangu lilipofika Kisumu mwaka 1901, lasukuma reli. Hawa wote ukiwaondolea ardhi chini yao umewamaliza. Mvuvi naye husukuma maji, na maji hayo hayo ndiyo njia yake. Njia ikirudi nyuma na kile anachokisukuma chamkimbia. Lakini ndege haisukumi ardhi hata kidogo. Rafadha yake, yaani yale mapanga ya mbele, yashika hewa na kuitupa nyuma. Na ile isiyo na rafadha hufanya vivyo hivyo kwa moto wa injini. Magurudumu ya ndege hayana kazi ila kuviringika, kama ya mkokoteni wa sokoni. Mwenye nguvu ni yule anayeuvuta mkokoteni, naye hakusimama juu ya mkanda.

Asiyesadiki na atafute mkeka na kigari cha waya cha mtoto. Akiweke kigari juu ya mkeka, akifunge uzi mbele, ashike uzi, kisha mtoto auvute mkeka kwa nyuma. Ataona magurudumu yazunguka kwa kasi na kigari chakaa palepale, na mkononi hasikii ila mvuto mdogo wa msuguano wa ekseli. Sasa auvute uzi. Kigari kitakuja kwake, mtoto avute mkeka apendavyo. Uzi huo ndio hewa ya ndege.

Kwa hesabu ni hivi. Tuseme ndege ndogo yahitaji kilomita 100 kwa saa ndipo iinuke, na siku hiyo hakuna upepo. Itakwenda mbele kwa 100, mkanda utarudi nyuma kwa 100, na magurudumu yatazunguka kana kwamba ndege yakimbia 200. Basi. Wamarekani wa kipindi cha televisheni cha MythBusters walilijaribu jambo hili, na likaonyeshwa Januari 2008: walitandika turubai refu, wakalivuta kwa gari kwenda upande mmoja, na ndege ndogo juu yake ikaelekea upande wa pili. Ikaruka. Wako waliosema turubai si mkanda, lakini mbishi hakosi la kusema.

Kinachonishangaza ni kwamba mabishano haya yawashinde watu mahali kama Kisumu, mji uliopata ushahidi wake kabla ya miji mingi ya Afrika. Shirika la Imperial Airways lilipofungua safari zake kutoka Uingereza mwaka 1931, ndege zilizokuja hadi ziwani zilikuwa ndege za majini, zenye tumbo kama la mashua, zisizohitaji lami wala magurudumu. Kuanzia mwaka 1937 zikaja kubwa zaidi, za injini nne, katika njia ya kwenda Durban: zikitoka Southampton, zikapita Mto Nile, zikatua Port Bell, zikatua Kisumu, kisha zikashuka kwetu Mombasa. Chombo hicho kilikimbia juu ya maji mpaka tumbo likanyanyuka, likateleza juu juu, kisha likaachana na maji kabisa. Kingekuwa kinaisukuma njia yake kwa miguu, mguu wenyewe uko wapi?

Na huko Khartoum na Malakal ziliruka kutoka mtoni, mahali ambapo njia yenyewe yatembea. Mto ule ndio mkanda wetu! Sitaficha kwamba maji hukwaruza tumbo kuliko lami inavyolikwaruza gurudumu. Mto ukija kinyume, mbio zitarefuka kidogo. Lakini jambo la kwanza alilolitazama rubani lilikuwa upepo watoka wapi. Hata ziwa likitulia kama kioo halikumfurahisha, kwa sababu maji laini hung'ang'ania tumbo la chombo. Viwimbi vidogo vilimfaa zaidi, na pengine mashua ya injini ilitangulizwa iyatibue maji.

Tazama jambo jingine. Ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa hiyo chombo kile kile, kwa mabawa yale yale na mzigo ule ule, kilihitaji mbio ndefu zaidi Kisumu kuliko kwetu. Maji ni maji pande zote mbili. Kilichobadilika ni hewa, na hewa ndiyo iliyokata shauri. Hata leo kiwanja cha Kisumu kimelazwa kaskazini-mashariki kwa kusini-magharibi, na mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Ndege ikiukabili upepo wa kilomita 30 kwa saa, ile yetu ya 100 yainuka ikiwa imekimbia ardhini kwa 70 tu. Hilo wavuvi wa tanga walijua zamani: hutoka alfajiri kwa umande wa nchi kavu, hurudi alasiri kwa upepo wa ziwa, na tanga lao la pembe tatu ni ndugu wa tanga la jahazi zetu.

Nimetaja hesabu na nimetaja historia. Lakini pale Dunga kilichochelewesha mambo ni kingine. Chuoni mwalimu wetu alikuwa haruhusu mtu kujibu hoja mpaka aieleze kwanza kwa maneno yake, na mwenye hoja aseme: ndiyo, huo ndio muradi wangu. Watunzi wa mashairi ya kujibizana wafuata adabu hiyo tangu enzi za Muyaka wa Mombasa. Pale hapakuwa na adabu hiyo. Mmoja alikuwa na maana kwamba mkanda warudi kwa kasi ya ndege. Mwingine alikuwa na maana kwamba mkanda warudi kwa kasi yoyote ile mradi ndege isisogee hata shubiri. Haya ni masuala mawili! La kwanza nimelijibu. La pili halina jibu la kupigiwa meza, kwa maana muulizaji amekwisha kuifunga ndege kamba kwa maneno yake, kisha auliza kama itakwenda. Isiposogea hewani, na upepo usiwepo, haitaruka. Na kuna mkanda gani duniani utakaoizuia kwa kuzungusha magurudumu tu? Watu wawili waligombana saa nzima, kila mmoja yu sahihi katika suala lake, na hakuna aliyejibu suala la mwenziwe.

Ndipo mwalimu mmoja akasema neno lililonichoma: "Wazee, mambo haya hayasemeki kwa Kiswahili. Waachieni Waingereza." Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwamba neno letu "kasi" halitoshi. Namjibu hapa. Hilo la Kiingereza nalo lina tundu lile lile: halisemi kasi hiyo yapimwa dhidi ya nini, ya ardhi, ya hewa au ya mkanda. Ndiyo maana huko kwao wamegombana vilevile, na kwa lugha hiyo hiyo yao. Baharia wa pwani asemaye joshini na demanini amekwisha kukuambia upande wake na upande wa upepo kwa neno moja moja. Mtoto wa shule za Kenya afundishwa sayansi kwa Kiingereza, sawa, mtihani ndio huo. Lakini akifika nyumbani akashindwa kumweleza nyanyake kwa nini ndege yaruka, basi alichoshika ni maneno, si jambo. Na nyanya huyo akimwuliza "yasukuma nini?", amemfundisha kuliko daftari lake.

Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa kimya muda wote, alitoa hoja ambayo nampa haki yake. Alisema: sawa, itaruka, lakini tairi lililotengenezwa kwa kasi fulani mkilizungusha maradufu litapasuka kabla ndege haijainuka. Kweli kabisa, matairi ya ndege yana kikomo chake cha kasi. Lakini hapo twabishania tairi, bwana mdogo, si ndege; na zile zilizoruka hapa ziwani mwaka 1937 hazikuwa na tairi.