Spana Nayo ni Elimu
Wapo wazazi hapa Morogoro wanaomtisha mtoto: "Usiposoma utaishia gereji." Mimi niliyefundisha walimu nawapinga. Itazameni ndege ndogo ya injini ya Lycoming ikipita Milima ya Uluguru. Altaneta ikifa, magneto huendelea kuiwasha injini, lakini redio hubakia na umeme wa betri tu, nao huisha. Fundi anapofunga altaneta mpya, mkanda ukilegea utateleza. Ukikazwa mno utaua beringi. Kwa hiyo hupima mkazo kama kitabu kinavyoagiza, kisha hutia sahihi yake. Je, huyo hakusoma? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule iunganishe masomo na kazi. Basi anayemdharau fundi asipande ndege. Apande mlima kwa miguu.