Fahali Wawili Hawakai Tangi Moja

Wengi huandika humu juu ya nidhamu na mitihani. Mimi naomba kuandika juu ya samaki. Msicheke. Maoni yangu ni haya: anayetaka kufuga samaki wakubwa katika tangi la kioo nyumbani awachague kwa ukubwa watakaoufikia na kwa tabia zao, asidanganywe na rangi. Na akishakosea, kosa lake alimalize nyumbani, asilitupe mtoni.

Kisa chenyewe kilianza likizo ya Agosti mwaka jana. Kaka yangu ni fundi wa madirisha mjini Kisii. Alibakisha vioo vizito, akavikata, akavigundisha, na hamadi! tukawa na tangi sebuleni. Nililipima kwa rula: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 40. Piga hesabu, msomaji. Ni lita 144, yaani kilo 144 za maji matupu. Meza ya mama ilianza kulia siku hiyo hiyo.

Tukaenda Kisumu kununua samaki. Muuzaji alituonyesha wadogo, urefu wa kidole tu. Wawili walikuwa Oska, weusi wenye madoa ya rangi ya machungwa, asili yao mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Wa tatu alikuwa Jack Dempsey kutoka Amerika ya Kati, anametameta samawati kama kanga mpya. Nikauliza, "Hawa watapatana?" Akanijibu, "Hao ni ndugu, dada, hawana shida." Tulipofika nyumbani tukawaongezea vifaranga wanne wa ngege kutoka kidimbwi cha baba mdogo.

Muuzaji hakusema uongo kuhusu undugu. Oska, Jack Dempsey, ngege wetu, hata furu wa Ziwa Victoria, wote ni wa ukoo mmoja ambao wanasayansi huuita sichilidi. Lakini nani alimwambia kwamba ndugu hawapigani? Hapa kwetu Gusii, kesi za mipaka ya mashamba ni za nani na nani kama si ndugu?

Kabla ya Krismasi, ngege wote wanne walikuwa wametoweka. Maiti sikuona. Kaburi lao lilikuwa tumbo la Oska. Kisha Jack Dempsey akatwaa pembe moja ya tangi, akawa anamng'ata mapezi yule Oska mdogo kila akipita. Januari, asubuhi moja nikijiandaa kuja shule, nikamkuta anaelea. Sikwambii nilivyojisikia. Baadaye nilisoma kwamba Jack Dempsey alikuwa bondia wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzani wa juu kuanzia 1919 hadi 1926, na samaki huyo alipewa jina lake kwa ajili ya ukali. Kumbe onyo lilikuwa kwenye jina lenyewe!

Majuto ni mjukuu, lakini nisingependa yawe mjukuu wako pia. Kabla ya kutoa pesa, jiulize maswali manne.

Kwanza, atafika wapi? Oska wa kidole kimoja hufikia sentimita 30, na wafugaji wenye uzoefu humpa mmoja peke yake karibu lita 300. Tangi letu lilikuwa dogo kwa mmoja, sisi tukatia saba! Tena sheria ya ukoo huu ni moja: kinachoingia mdomoni ni chakula. Wanaokaa pamoja wawe wa kimo kimoja, na waanze pamoja wakiwa wadogo.

Pili, kwao maji ni ya aina gani? Oska amezoea maji laini ya Amazon. Frontosa, yule mwenye nundu kichwani, ni wa Ziwa Tanganyika, na maji ya huko ni magumu yenye madini mengi. Wote wawili hufikia sentimita 30, wote wapendeza, lakini maji yanayomfaa mmoja humsumbua mwenzake. Maji tunayokinga kwenye mabati msimu wa mvua ni laini, basi anza kuchagua kutoka hapo. Na usisahau baridi ya usiku ya milima hii yetu: samaki hawa wanataka nyuzi 24 hadi 28, kwa hivyo kifaa cha kupasha maji moto ni lazima.

Tatu, anakula nini? Mbuna wa Ziwa Malawi hukwangua mimea midogo ya kijani juu ya mawe. Ukimlisha kama Oska, kwa nyama na minyoo, tumbo humvimba akafa. Hawa hawawezi kula sahani moja.

Nne, akipata mchumba itakuwaje? Ngege dume huchimba kiota chini na kukilinda, na jike hubeba mayai mdomoni. Mpole wa jana huwa askari wa leo. Asiyekuwa na pa kukimbilia atapigwa mpaka afe.

Kwa mwenye tangi la lita 500 hivi, wafugaji wengi humweka Oska na Severum, mpole wa Amerika ya Kusini vilevile. Mwenye tangi kama letu aache kabisa samaki wakubwa. Si aibu.

Sasa nije kwenye jambo lililotugombanisha na kaka. Januari hiyo alisema, "Wacha tuwapeleke hawa wawili Gucha, wakajitafutie." Ilionekana huruma. Nikakataa, tukanuniana wiki nzima.

Nilikataa kwa sababu Gucha, ambao majirani zetu Wajaluo huuita Kuja, haukomei Gusii. Unaingia Ziwa Victoria. Na ziwa hilo limeshaonja wageni. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walitia humo mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu, ambao hawakuwa popote pengine duniani, zilikuwa zimetoweka. Kipindi hicho hicho ilitiwa pia tilapia ya Nile, ile tunayokula na ugali leo, nayo ikamsukuma pembeni ngege wa asili. Huyu sasa hupatikana katika maziwa madogo kama Kanyaboli, Siaya. Mbuta ametajirisha wengi, sikatai. Lakini furu aliyekwisha harudi kwa pesa. Sijui Oska wetu angefanya nini huko chini, na ndiyo maana sikutaka kumjaribu.

Wengine mtasema, samaki ni wa kuliwa, kumfuga kwenye kioo ni mambo ya matajiri. Haya, lakini ukishamtoa kiumbe kwao ukamfungia sebuleni kwako, amekuwa mgeni wako. Nasi Abagusii tunajua mgeni hafukuzwi usiku.

Jack Dempsey tulimpa jirani mwenye tangi kubwa, anakaa peke yake kama mfalme. Oska yuko nyumbani, naye bado tangi linambana. Kaka ameahidi kutengeneza jingine akipata vioo. Kila Jumamosi nabadilisha robo ya maji, ndoo baada ya ndoo, na mama husema samaki huyo anaoga kuliko mimi. Nikimaliza, Oska huja kwenye kioo kunitazama. Nami humwambia: pole, ndugu yangu, kosa lilikuwa letu.