Mjomba Amehamia Jirani

Juma lililopita mjukuu wangu wa kidato cha kwanza alirejea nyumbani, hapa Mkolani, na daftari la Kiingereza lenye mkasi mkubwa wa wino mwekundu. Alikuwa ameandika: "My uncle has shifted to our neighbour." Mwalimu aliikata sentensi nzima na pembeni akaacha neno moja: "Nonsense." Sentensi sahihi hakuiandika.

Habari yenyewe ni ya kweli. Mjomba wake, yaani mwanangu wa mwisho, ametoka Igoma na kupanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtoto aliwaza kwa Kiswahili safi: mjomba amehamia jirani na kwetu. Ubaya uko wapi hapo?

Tatizo ni neno "jirani", ambalo kwetu hubeba mawili. Ni mtu aishiye karibu, na ni mahali palipo karibu. "Neighbour" ya Waingereza ni mtu tu. Kwa hiyo msomaji wao ataona mjomba amemwendea jirani, kama mzigo unaosogezwa kwa mtu. Tena ukitaka kuirekebisha kwa haraka, ukaandika "moved in with our neighbour", utakuwa umemlaza mjomba chumbani mwa jirani, wanakula chungu kimoja! Nyumba zikipakana husemwa "My uncle has moved next door." Ikiwa ni nyumba ya tatu, kama hii, yatosha "My uncle has moved to a house near ours." Somo lote hilo ni la dakika tano, nalo linahitaji Kiswahili ili lieleweke.

Kuhusu "shift", walimu wengi huapa kwamba si Kiingereza. Wanakosea. Wahindi hulitumia kwa maana ya kuhama nyumba, na watu wa New Zealand pia, nasi Afrika Mashariki tumelizoea mno. Waskoti nao wana "flit" yao na hakuna anayewacheka. Kwenye mtihani nitamshauri mtoto aandike "move", kwa sababu namjua msahihishaji. Lakini kumwita mtoto mjinga kwa neno ambalo nusu ya mji huu hulitamka kila siku ni uonevu.

Nasema kwa ukali kwa kuwa nami nilikuwa mwonevu. Miaka ya nyuma, nikiwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu, nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kando ya ziwa. Kijana aliandika ubaoni sentensi inayofanana na hii ya mjukuu wangu, ikimhusu mvuvi aliyehama mwalo. Nilicheka kwa sauti, nimekaa dawati la nyuma. Darasa likacheka pamoja nami. Kijana alifuta ubao wote, hata yale yaliyokuwa sahihi, na muhula uliofuata aliomba kubadili somo. Nilimpa alama za chini na nikajiona mlinzi wa lugha.

Nilichokuwa nalinda sijui. Tulikuwa tumewakataza wanachuo kutamka hata neno moja la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, ilhali watoto waliokuwa mbele yao walikuwa wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili. Utaratibu wetu ni huo hata leo katika shule nyingi za serikali: shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na katikati hakuna daraja la kutosha, mtoto aruke.

Daraja lingeweza kuwa kitenzi "hama" chenyewe. Anayehama anatoka, anayehamia anafika. Aliyehamishwa hakuulizwa, na wazee wa Usukumani waliopitia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 hawatachanganya "tulihama" na "tulihamishwa" hata wakiwa usingizini. Kunguni nao hawahamii tu, wanatuhamia. Mtoto aliyefundishwa kuyapambanua haya atajua kwamba Kiingereza nacho kinamdai aseme: umetoka au umefika, kwa hiari au kwa amri, karibu na mtu au nyumbani mwake? Mtoto asiyefundishwa atabadilisha neno kwa neno, kisha tutamchapa mkasi.

Wakufunzi wenzangu mlioko kazini, acheni mwanachuo aeleze kwanza kwa Kiswahili alichokusudia, ndipo mshike kalamu. Na mkikata, andikeni iliyo sahihi chini yake.

Daftari la mjukuu nimelirudisha shuleni likiwa na sentensi mbili kwa penseli chini ya lile neno jekundu. Yule kijana wa kando ya ziwa nilisikia alifundisha jiografia hadi alipohamia mkoa mwingine. Sikuwahi kumwomba radhi.